Kaya Thelathini na Moja

Nyumbani walimwita Mchumi, na jina lenyewe lilianza kama utani wa mumewe. Siku barua ya chuo ilipofika, ikisema amekubaliwa kusomea shahada ya uzamili katika uchumi tumizi, mumewe, ambaye ni fundi friji, aliisoma mara mbili bisibisi ikiwa bado mkononi, kisha akasema, "Haya, sasa ndani ya nyumba tuna mchumi. Swali ni moja tu: huyu mchumi ataanza kuchuma lini?" Mama mzazi wa Mchumi, aliyekuwa akiishi nao tangu miguu ilipoanza kumsumbua, alicheka mpaka akapaliwa. Jina likaganda hapo hapo.

Alikuwa na miaka thelathini na minane. Mchana alifanya kazi katika ofisi ya mipango ya manispaa, chumba cha ghorofa ya pili chenye meza nne na feni moja iliyozunguka kwa kusitasita kama mtu aliyesahau alichotumwa. Jioni tatu kwa wiki, na Jumamosi asubuhi, alikuwa darasani na vijana ambao angeweza kuwaamrisha wakamletee maji. Mama yake alipomuuliza hicho anachosomea ni kitu gani hasa, alimweleza hivi: unachukua swali la watu wa kawaida, tuseme, mtu akifundishwa kushona au kuchomelea vyuma, je, maisha yake yanabadilika kweli? Halafu badala ya kulijibu kwa mdomo, unakwenda kuwauliza watu wengi, unayapanga majibu, unayapigia hesabu.

"Kumbe ni umbea," mama akasema, "ila umepimwa kwa mizani."

Mchumi hakuwa mtu wa kutulia. Tangu utotoni alikula akisimama, alisoma akitembea, na hata akiketi mguu wake wa kulia ulikuwa ukichezacheza chini ya meza kama unaokanyaga cherehani. Lakini mwaka ule wa pili wa masomo, mwaka wa kuandika tasnifu, mambo yalimwendea vizuri kiasi kwamba hata mguu ulianza kupumzika. Swali lake lilikuwa hilo hilo la mafunzo ya ufundi kwa watu wazima. Hakuhitaji kwenda kuhoji watu mwenyewe, kwa sababu miaka kumi na moja nyuma taasisi moja ya utafiti ilikuwa imehoji kaya mia tisa katika mitaa kumi na tisa ya mji, na majibu yote yalikuwa wazi kwa yeyote aliyetaka kuyatumia. Aliuchagua utafiti ule kwa kuwa aliufahamu. Wakati ule, akiwa ametoka tu kumaliza shahada ya kwanza, alikuwa mmoja wa wadadisi waliopita nyumba kwa nyumba na madodoso mkononi. Alifanya kazi wiki moja tu, mtaa mmoja tu. Hakuona kama ni jambo la kutaja.

Jibu lilitoka zuri. Waliopata mafunzo walikuwa na kipato karibu mara mbili ya wenzao wasiopata. Akaandika sura tatu kwa mpigo, akampelekea msimamizi wake.

Msimamizi huyu alikuwa profesa mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, na wanafunzi walimwita Mama Nukta, maana aliwahi kumrudishia mtu kurasa sitini kwa sababu ya nukta moja ya desimali iliyokaa vibaya. Alimwita Mchumi ofisini siku ya Jumanne, saa ya chakula cha mchana.

"Kaa," alisema.

"Nimekaa, Profesa."

"Mguu wako haujakaa." Akaisukuma karatasi juu ya meza. "Kazi ni nzuri. Nzuri mno, na hapo ndipo ninapopata wasiwasi. Tazama mchoro wako. Mitaa kumi na minane imelala chini, haina habari. Huu mmoja umesimama peke yake kama mnara wa simu. Ukiutoa, unabaki na nini?"

"Sijajaribu kuutoa."

"Basi kajaribu. Halafu uniambie watu wa mtaa huo wanakula nini."

Mchumi alicheka, akaenda maktaba moja kwa moja. Alifungua kompyuta, akauondoa mtaa ule, uliotajwa kwa namba tu bila jina, akabonyeza. Jibu likaporomoka. Ile tofauti ya karibu mara mbili ikabaki kitu kidogo, cha kubahatisha, ambacho huwezi kukisimamia mbele ya watu. Akaurudisha mtaa, akaanza kukagua kaya moja moja. Mafundi cherehani, mafundi seremala, mafundi umeme. Karibu kila nyumba mtu amesomea, kila mtu ana kazi na mambo yanamnyookea. Thelathini na moja, zimefuatana. Kando ya kila kaya palikuwa na safu ambayo hakuwahi kuitazama, safu ya namba ya mdadisi. Ilisomeka sifuri tisa, sifuri tisa, sifuri tisa, mpaka chini.

Sifuri tisa ilikuwa yake. Iliandikwa kwenye kitambulisho alichokivaa shingoni wiki ile.

Aliinuka, akaenda mpaka kwenye bomba la maji, akafungua, hakunywa, akarudi. Akainuka tena. Mtunza maktaba alimtazama juu ya kaunta akamuuliza kama anatafuta kitu. "Hapana," alisema, "nimeshakiona."

Mambo yalikuwa hivi. Wiki ile ya utafiti, siku ya pili tu ya kazi, mama yake alikimbizwa hospitali akafanyiwa upasuaji wa tumbo. Hapakuwa na ndugu mwingine wa kumwuguza. Mchumi alishinda pale kitandani, na madodoso thelathini na moja matupu ndani ya mkoba, na kiongozi wa wadadisi ameshasema kwamba Ijumaa saa kumi anataka kila karatasi mezani kwake, asiyeleta asirudi. Siku ya tatu mama aliamka akiwa na maumivu lakini na akili zake timamu, akauliza zile karatasi ni za nini. Alipoelezwa, akasema, "Sasa unalia nini? Lete kalamu, tuwatunge hao watu."

Wakawatunga. Mchumi alisoma swali, mama akajibu kwa niaba ya nyumba nzima. Na mama alikuwa mkarimu. Kila alipopewa mjane, alimpa cherehani. Kila alipopewa kijana, alimpeleka chuo cha ufundi akamtoa na cheti. "Huyu naye mpe kazi nzuri, maskini, ana watoto wanne," alisema, na Mchumi akaandika. Nyumba namba kumi na saba walimweka fundi cherehani aliyemfukuza mume mlevi, akanunua mashine tatu na kuajiri wafanyakazi wawili. Walicheka juu ya mume yule mpaka mama akashika mshono wake, na muuguzi akaja kuwafokea kwamba hapa si sebuleni. Mama, aliyekuwa amekataa kula siku mbili, siku ile alikula.

Ijumaa karatasi zilifika mezani. Mchumi alijiambia kwamba mama akipata nafuu atauzungukia mtaa ule na kusahihisha. Mama alichelewa kupata nafuu, mkataba ukaisha, maisha yakasonga. Kwa miaka ile yote alijishawishi kwamba kiongozi lazima aliziona zilivyo na kuzitupa.

Wiki ile nyumbani hakukukalika. Mchumi alikuwa akiosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa. Alifungua friji, akatazama ndani, akafunga, akafungua tena.

"Mchumi," mumewe alisema, "ukilifungua tena hilo friji itabidi nilitengeneze. Una nini?"

"Joto tu."

"Joto la nini? Mvua inanyesha."

Hakumwambia. Jumamosi asubuhi aliaga kwamba anakwenda darasani, akapanda gari la upande mwingine, akashuka katika mtaa wake wa zamani wa utafiti. Hakujua anakwenda kufanya nini. Alijua tu kwamba hawezi kukaa.

Mtaa ulikuwa na barabara moja ya vumbi iliyochimbwa mfereji katikati, nyumba zimeegemeana, namba za milango zimepakwa rangi nyekundu. Alitembea akizisoma kama mtu anayesoma barua aliyoiandika akiwa na homa. Kumi na tano. Kumi na sita. Kwenye kibaraza cha kumi na saba alikaa mwanamke wa makamo, amevaa aproni ya turubai, kiatu cha mtu kimebanwa katikati ya magoti yake, anakishona soli kwa sindano ndefu. Hapakuwa na cherehani wala mfanyakazi. Alikuwa fundi viatu, na kwa mikono yake tu.

"Karibu. Kimekatika wapi?"

Mchumi alitazama viatu vyake mwenyewe, akavua kimoja. "Hapa kisigino kinalegea."

"Hakilegei," fundi alisema baada ya kukigeuza mara moja. "Lakini kaa, nitakigongea msumari. Unatoka wapi? Si wa huku."

"Nafanya kazi ofisi ya mipango."

Fundi akaweka nyundo chini. "Mipango ya manispaa? Ninyi ndio wenyewe! Niambieni basi, dada yangu, mimi swali hili limenikaa kooni. Tuliandika barua hapa, wanawake ishirini na watatu, tunaomba darasa la ufundi la mchana. Jengo lipo, lile la zamani la ghala. Mimi viatu hivi najua kuvishona, sijui kuvikata vipya. Nilitaka kujifunza kuvikata. Tukaambiwa utafiti umefanywa, na mtaa huu hauna shida, kila nyumba kuna fundi aliyesomea. Darasa likapelekwa ng'ambo ya mji. Tukarudi hapa tukaanza kutafutana. Nani huyo aliyesomea? Ni wewe? Mimi siye. Labda ni jirani? Jirani naye anakutazama wewe. Mpaka leo hatujampata hata mmoja."

Alisema kwa kucheka, kama mtu anayesimulia kisa alichokwisha kukizoea. Mchumi alisema, "Nitarudi," akavaa kiatu chake, akaondoka. Hakungoja gari. Alitembea mpaka kwao, mwendo wa saa moja na nusu, jua limepamba moto, na kila alipofikia kituo alijiambia atapanda kituo kinachofuata.

Mama alikuwa peke yake sebuleni, miguu imeinuliwa juu ya kiti, akichambua mboga kwenye sinia. Mchumi alisimama mlangoni.

"Mama, unawakumbuka wale watu wetu? Wa hospitali?"

Uso wa mama ukachangamka. "Wale! Yule fundi cherehani wangu anaendeleaje? Mume hakurudi?"

"Mama, hakuna cherehani. Nimetoka kwake sasa hivi." Akamweleza yote, kutoka mchoro wa Mama Nukta hadi barua ya wanawake ishirini na watatu. Alipomaliza, mikono ya mama ilikuwa imeacha kuchambua mboga.

"Lakini sisi tuliwatakia mema," mama alisema.

"Ndiyo, mama."

"Nilimpa kila mtu kazi."

"Uliwapa. Ndiyo maana wakanyimwa."

Mama aliisukuma sinia kando, akasema, kwa sauti ya mtu aliyekata shauri, "Waambie ni mimi. Mimi ni mzee, miguu yenyewe hii. Watanifanya nini?"

"Mama, kalamu ilikuwa mkononi mwangu."

Jioni mumewe aliporudi, alimweleza naye. Yeye hakucheka. Alivua viatu polepole, akakaa.

"Miaka kumi na moja," alisema. "Nani ameuliza? Hakuna aliyeuliza. Toa huo mtaa kwenye hesabu zako, sema data zake zina kasoro, maliza shahada yako. Ukijipeleka, ofisi yako ndiyo iliyoutumia utafiti huo. Watakufukuza. Halafu tutakuwa tumechuma nini?"

"Siwezi kuutoa kimya kimya. Wale wanawake bado wanatafutana."

"Na sisi humu ndani? Sisi hatumo kwenye utafiti?"

Waligombana, si kwa makelele, bali kwa yale maneno mafupi yanayokwaruza. Siku mbili walipishana koridoni kama wapangaji. Siku ya tatu asubuhi, mumewe akipanga vifaa vyake kwenye sanduku, alisema bila kumtazama, "Niliwahi kumrudishia mtu friji nikijua gesi bado inavuja. Nilikuwa na haraka. Mwaka mzima nilikuwa nikimwona kwa mbali nabadilisha njia. Ananunua mkate duka lile lile ninalonunua mimi, nikahama duka." Akafunga sanduku. "Nenda kaseme. Ila usiniambie nifurahi."

Mama Nukta alimsikiliza mpaka mwisho miwani ikiwa mkononi, haijavaliwa. Hakushangaa wala hakufoka, na hilo lilimtisha Mchumi kuliko makelele.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Nyumbani tu."

"Utaandika barua tatu. Moja kwa taasisi yenye data, wajue kaya zipi si za kweli, maana huwezi kujua ni wangapi wengine wamezitumia. Ya pili kwa mkuu wako wa kazi. Ya tatu kwa kamati ya chuo. Mimi sikufukuzi, lakini sikubebi pia. Unaelewa?"

"Naelewa. Profesa, nataka kurudi kuwauliza. Nyumba zote thelathini na moja."

"Hayatakuwa majibu ya miaka kumi na moja iliyopita. Watu wamehama, wamezaliwa, wamekufa. Hutaweza kuyaziba mapengo yale kwa hawa."

"Najua."

"Basi hiyo ni tasnifu nyingine. Ni mwaka mwingine."

"Najua, Profesa."

Mama Nukta akavaa miwani. "Na ukienda, ukae chini unapowahoji. Mtu hamwambii ukweli mtu anayechezesha mguu kama anataka kukimbia."

Barua zilijibiwa moja baada ya nyingine. Taasisi ilimshukuru kwa mistari miwili, ikaweka angalizo kwenye data zake, na kwa mstari wa tatu ikamjulisha kwamba hatafanya kazi nao tena maishani. Chuo kilimpa onyo, kikamruhusu kuanza upya. Mkuu wa mipango, mzee mpole aliyependa mambo yapite bila mawimbi, alishika barua yake kama mtu aliyeshikishwa sufuria ya moto.

"Sasa umenipa mimi kazi ya kufanya nini?" alilalamika. "Uamuzi ule nilitia saini mimi."

Alimpa karipio la maandishi na kumhamishia masjala kwa miezi sita, chumba kisicho na dirisha, akipanga mafaili ya watu wengine. Wenzake waliokaa naye mezani zamani walimpita wakiwa na haraka ya ghafla. Aliyekuwa rafiki yake mkubwa pale ofisini alimwuliza kwa kunong'ona, "Kwani ulikuwa na haja gani?"

Jumamosi ya kwanza baada ya kupata kibali cha kuhoji alikwenda moja kwa moja namba kumi na saba. Safari hii alivuta kigoda, akakaa, akaushika mguu wake wa kulia kwa mkono ili utulie. Akasema yote. Fundi viatu aliendelea kushona muda wote, sindano inaingia, inatoka. Hakuinua macho.

"Mimi uliniandika nina cherehani ngapi?" aliuliza mwishowe.

"Tatu."

"Na wafanyakazi?"

"Wawili."

"Na mume?"

"Tuliandika ulimfukuza. Mlevi."

Fundi alicheka, kicheko kimoja kikavu. "Mume wangu hakuwahi kuonja pombe. Alikufa akiwa kazini." Akakata uzi kwa meno. "Sasa inuka, uende. Sikutukani. Lakini leo sina moyo wa kukujibu maswali yako. Njoo wiki ijayo, nitakuwa nimeamua kama nakuchukia au la."

Wiki nzima Mchumi hakulala vizuri wala hakula vizuri. Masjala alipanga herufi B baada ya herufi D, akalazimika kuyashusha mafaili yote upya. Lakini Jumamosi alirudi, akakuta habari imeshaenea kila mlango. Kuna waliomfungia. Mzee mmoja alimwambia asikanyage kizingiti chake, na mwanamke wa namba ishirini na mbili alimwita mwizi mbele ya majirani, naye akasimama akapokea. Wengine walilifanya mchezo. "Na mimi ulinifanya nani?" kijana mmoja alipaza sauti kutoka upande wa pili wa mfereji. "Sema ulinifanya rubani!" "Fundi umeme," Mchumi alimjibu, na barabara nzima ikaangua kicheko, maana kijana yule, kumbe, aliwahi kuchoma nyaya za nyumba tatu kwa siku moja.

Fundi viatu alikuwa akimngoja. Hakusema ameamua nini. Alisema tu, "Uliza," na alipoulizwa swali la kwanza, watu wangapi wanaishi humu, alijibu kwa kirefu sana, kama mtu aliyengoja miaka mingi kuulizwa.

Ilimchukua Jumamosi kumi na nne. Kati ya nyumba thelathini na moja, tisa zilikataa mpaka mwisho. Ishirini na mbili zilimjibu, na baadaye alikwenda na ng'ambo ya mji, kule darasa lilikopelekwa, akahoji na huko. Majibu hayakumnyookea. Mafunzo yalisaidia, ndiyo, lakini kidogo, na si kila mtu. Kilichowatenganisha watu zaidi kilikuwa jambo ambalo dodoso la zamani halikuwa hata na swali lake: nani anaweza kutoka nyumbani mchana na nani hawezi. Mama Nukta alimrudishia rasimu mara sita. Ya saba aliiandikia pembeni kwa penseli: "Sasa ninawaona watu wanaoishi hapa."

Siku ya kuitetea tasnifu, mtahini wa nje aliuliza kwa nini sura ya pili inaanza na mtafiti kujishtaki mwenyewe. "Kwa sababu msomaji atataka kujua kwa nini niliuchagua mtaa huu," Mchumi alisema, "na sababu yenyewe ni hiyo." Walimtoa nje dakika arobaini. Alitembea koridoni kutoka mlango hadi ngazi, ngazi hadi mlango, mpaka mfagiaji akamwomba asogee apige deki pale alipokuwa akipita, kisha akamwambia, "Au endelea tu, unanisaidia kukausha." Alipoitwa ndani aliambiwa amefaulu, arekebishe mambo kumi na moja.

Mumewe alikuja kumchukua na gari la kazi, friji bovu la mtu limefungwa kamba nyuma. Alimpa mkono kama wanaume wanavyopeana wakimaliza biashara ngumu, kisha akaushikilia ule mkono muda mrefu kuliko alivyokusudia. Mama, nyumbani, alitaka kusomewa tasnifu nzima. Alisinzia ukurasa wa nne, akaamka, akauliza kama jina lake limo. Lilikuwemo, kwenye shukrani. Akasema ingefaa liwe pia kwenye makosa, ili mambo yawe sawa.

Manispaa iliurudisha mtaa kwenye orodha ya madarasa ya ufundi. Ulikuwa wa tatu, bila tarehe. Mchumi, aliyekuwa amerudishwa kwenye meza yake, alikwenda kwa mkuu wa mipango kila Jumatatu kuuliza tarehe, na mzee yule alianza kujificha akisikia hatua zake kwenye ngazi.

Alipomaliza kurekebisha yale mambo kumi na moja, aliandika kurasa mbili za maneno mepesi, zinazoeleza alichokikuta, akatoa nakala kwa kila nyumba iliyomjibu. Alianzia namba kumi na saba. Fundi viatu alifuta mikono kwenye aproni, akazipokea, akasoma polepole, kidole kikifuata mstari. Ilikuwa alasiri, na watu walikuwa wakipita na mizigo yao. Mchumi alikaa kwenye kigoda, mguu unacheza, na hakuushika.

"Hapa umekosea," fundi alisema.

"Wapi?"

"Umeandika kwamba wanawake wa huku hawapendi kwenda darasa la mbali. Mimi sikusema sipendi. Nilisema sina wa kumwachia mama mkwe wangu. Hivyo ni vitu viwili."

Mchumi aliusoma mstari ule. Ulikuwa umetoka kwenye tasnifu. Profesa alikuwa ameupitisha, watahini watatu walikuwa wameupitisha, na yeye mwenyewe alikuwa ameuandika huku akiyakumbuka maneno ya mwanamke huyu neno kwa neno. Bado ulikuwa umekaa vibaya.

"Ni kweli," alisema.

Alitoa kalamu, akaufuta mstari, akaandika upya juu yake huku fundi akimwinamia begani kuhakikisha. Kisha akatoa nakala nyingine ishirini na moja mkobani, akaziweka kwenye mapaja, akaanza kusahihisha ya kwanza.

"Utamaliza leo?" fundi aliuliza.

"Sijui."

"Basi sogea huku kwenye kivuli," fundi alisema, akavuta sanduku lake la misumari kumpisha, "na nusu nipe mimi. Mwandiko wangu unasomeka."